Msimguse Mjomba

Tarehe 6 Februari

Bibi yangu, uliye juu yetu sote. Mjomba wangu, ambaye sauti yake ndiyo inayoisoma barua hii. Mkazamjomba, mwenye nyumba. Mama mdogo, mwenye funguo za kabati na za siri zetu. Nawe Fundi Cherehani, jirani ambaye hakuna anayekumbuka siku uliyoikosa chai ya nyumba hiyo: wanaostahili shikamoo ninawapa, na aliyebaki nampa pole ya kazi.

Ninajua mmeketi sebuleni, vyombo vimekwisha kuondolewa, na mjomba amevaa miwani. Bibi haipendi simu. Anasema simu humpa habari mtu mmoja, wengine wakaletewa makombo. Kwa hiyo ninaandika kama niliyesimama mbele yenu.

Mimi ni mzima. Nimehamishwa kutoka chumba cha kupimia shinikizo la damu, sasa niko katika chumba cha mashine za moyo. Kina dirisha moja, vitanda viwili, na kompyuta yenye waya unaoishia kwenye kitu kinachofanana na pasi ndogo. Naiweka pasi hiyo juu ya kifua cha mgonjwa, karibu na bega, na mashine iliyo chini ya ngozi yake inanisimulia yote yaliyoupata moyo tangu tulipoonana mara ya mwisho. Ninyi mnaniita Daktari. Mimi ni fundi tu, kama mjomba alivyo fundi wa spika, ila spika zangu zinapumua na huniuliza kama nimeolewa.

Chakula cha huku hakina neno. Jirani wa ghorofa ya juu amenunua baiskeli ya mazoezi isiyokwenda popote, na kila alfajiri anakwenda nayo huko huko.

Sasa nageuza karatasi, maana jambo lililonifanya niandike liko upande wa pili.

Kliniki ya huko, kwa ruhusa ya mjomba, imenitumia maelezo ya yaliyotokea mwezi uliopita dukani kwa Fundi Cherehani. Nimeyasoma, kisha nikampa daktari wangu naye akayasoma. Mashine iliyo kifuani mwa mjomba haikukosea. Moyo wa mjomba ulianza kukimbia ovyo, ukawa unatetemeka badala ya kusukuma damu. Mashine ilijaribu kwanza kuutuliza kwa mapigo madogo ambayo mwenyewe hayasikii. Iliposhindwa, ikampiga pigo moja la umeme, na moyo ukarudi kazini. Bila pigo lile, Fundi Cherehani asingekuwa na mtu wa kumshonea koti.

La pili, nalo nalisema wazi kwa kila mmoja: anayemgusa mjomba wakati mashine inapopiga hadhuriki. Huenda akasikia mtekenyo mdogo mkononi, basi. Mshikeni, mlaleni naye, mkumbatieni kama siku zote.

La mwisho, mashine haiuponyi moyo. Moyo umechoka, na vidonge ndivyo vinavyousaidia. Mashine ni mlinzi wa mlangoni tu, na mwezi uliopita alikuwa macho.

Nijibuni.

Mpwa wako, na mjukuu wa Bibi

*

Tarehe 2 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wote waliokaa kitako kuisikiliza barua yako, nakurudishia salamu. Utanivumilia ninapoanza hivi. Mtu aliyewafungia wenzake maikrofoni maisha yake yote huishia kusema kama wao.

Bibi yako hajambo. Magoti yanamlaumu asubuhi, naye huyalaumu jioni. Mama mdogo amebadilisha pazia la sebuleni na anasubiri tuligundue. Nimeshaligundua, lakini nangoja nione uvumilivu wake utafika wapi. Karakana ina kazi. Nimeletewa spika za ukumbi wa mikutano, zote zimepasuka koni, ile karatasi ya kutolea sauti, baada ya mgeni mmoja wa heshima kuamini kwamba maikrofoni haimsikii asipopiga kelele.

Ya dukani yalikuwa hivi. Nilisimama mikono juu, Fundi Cherehani ameniwekea futi kifuani na mkono mmoja begani. Nikasikia kichwa chepesi. Kisha nikapigwa teke kutoka ndani, teke la punda, nikakaa chini bila kukaribishwa. Fundi aliruka nyuma akaangukia rundo la vitambaa. Futi ikabaki shingoni mwangu. Hayo ndiyo niliyoyaona mimi. Ukimuuliza yeye, hakuruka, alirushwa. Wiki ya kwanza alirushwa hadi mlangoni. Juzi nimesikia amefika barabarani.

"Mpe mwezi mmoja," alisema mama mdogo, "atakuwa ametua mji mwingine na pasi anaulizwa."

Alicheka, lakini aliposema hayo alikuwa amesimama mbali nami kidogo.

Tumekubaliana hapa nyumbani kwamba mashine ilikosea, kama mashine zote zinavyokosea. Hatukulifanya kuwa jambo kubwa. Yamekuwapo mabadiliko madogo ya nyumba ambayo nakutajia kwa ajili ya kumbukumbu tu. Mkazamjomba amehamia chumba cha mbele. Mgongo unamsumbua na godoro la kule ni gumu. Chai yangu huwekwa juu ya kigoda, nami naifuata. Bibi hunipungia mkono kutoka kwenye kiti chake. Koti langu limekamilika, ingawa Fundi alikisia vipimo vilivyobaki kwa kunitazama kutoka ng'ambo ya meza, na mkono wa kushoto umekuwa mrefu.

Nina swali la kikazi. Spika kubwa zina sumaku nyuma, nami nimezoea kuzibeba kwa kuziegemeza kifuani. Sumaku ya spika ikiikaribia mashine yangu, mashine hufanya nini hasa? Nijibu kwa ufasaha, ili niweze kuwasomea na wengine.

Mjomba wako

*

Tarehe 29 Machi

Bibi, mjomba, mkazamjomba, mama mdogo, na jirani yetu aliyetua salama: salamu kwa mpangilio huo huo, na pazia jipya nimelipongeza kutoka huku. Mjomba, mwenzio amesubiri vya kutosha.

Kazi inaendelea. Wiki iliyopita nilimpima mpishi wa shule ambaye moyo wake ulikuwa ukizembea, unapiga, unasita, unafikiri, unapiga tena. Alikuwa akianguka mbele ya sufuria. Yake ni mashine ya aina nyingine: inausukuma moyo mvivu, na haina pigo kubwa. Tangu awekewe hajaanguka, ila analalamika kwamba sasa wenzake wamemrudishia zamu ya kubeba magunia. Mjomba, mashine yako hufanya hilo la kusukuma, na juu yake inalinda moyo usikimbie ovyo.

Jambo moja halijaniondoka. Mjomba anasema mmekubaliana kwamba mashine ilikosea. Mmekubaliana nani na nani? Upande wa pili wa karatasi niliandika kinyume cha hayo, na hakuna hata mmoja aliyenijibu, wala mama mdogo, ambaye hujibu hata nisiyoyauliza. Upande ule ulisomwa?

Sasa swali la sumaku. Sumaku ikikaa juu ya mashine hiyo, mashine haipigi. Hata moyo ukikimbia, haipigi. Ni mlinzi aliyefungwa kitambaa machoni. Sumaku ikiondolewa, hurudia kazi yake. Kwa sababu hiyo, mjomba, usiibebe spika kwa kuikumbatia, na usiweke sumaku yoyote, hata ndogo, karibu na kifua upande ule. Hospitalini huitumia daktari, kwa muda mfupi, akiwa amesimama kando ya mgonjwa na kila kitu kiko tayari. Nje ya hapo, sumaku juu ya mashine ni sawa na kutokuwa na mashine.

Mkazamjomba, pole na mgongo. Godoro gumu kwa kawaida husifiwa na wenye mgongo, si hivyo?

Mpwa na mjukuu wenu

*

Tarehe 11 Mei

Mpwa wangu mpendwa,

Nimechelewa kukujibu, na sababu ya kuchelewa ni njema: nyumba ina furaha, na mtu mwenye furaha hakumbuki wino. Barua yako ilisomwa mbele ya wote. Imeleta heri ambayo hata wewe mwenyewe hukuikusudia.

Bibi hajambo kabisa. Jana alinishika mkono, akaugeuzageuza kama mtu anayekagua bidhaa sokoni, akasema, "Mbona umekonda? Wewe unakula kweli?" Mama mdogo hunikabidhi kikombe mkononi, na akinikuta nimesinzia hunitikisa bega bila adabu yoyote. Mgongo wa mkazamjomba umepona ghafla. Alirudi chumbani na mto wake, redio yake, na lawama zote alizokuwa amezilimbikiza chumba cha mbele. Alizimaliza usiku wa kwanza, na wa pili tulilala.

Spika za ukumbi zimekwisha na zimechukuliwa. Fundi Cherehani amelirekebisha koti, na safari hii alinipima kwa futi, mikono yote miwili. Ameniongezea pia mfuko wa ndani katika mashati yangu, upande wa moyo, wa kuwekea kalamu. Alianza kutoa maoni: "Mimi nimeshona mifuko ya kuficha hela, nimeshona ya kuficha barua za mapenzi, lakini huu..." Nikamwambia, "Shona, Fundi, usihutubie."

Bibi yako ana mzaha mpya. Kila asubuhi nikishavaa shati, kifua changu hupiga mluzi mwembamba kwa muda mfupi, kisha hunyamaza. Bibi, ambaye simu haisikii, mluzi huo anausikia. "Birika limechemka," anasema. "Leteni majani."

Uliuliza kuhusu upande wa pili wa karatasi. Ulikuwa mrefu, na Bibi alikuwa amechoka.

Mjomba wako

*

Tarehe 24 Mei

Mjomba, shikamoo.

Bahasha hii ina jina lako peke yako, na haisomwi sebuleni. Bibi na wengine wape salamu zangu kwa mdomo.

Mashine ya aina yako hupiga mluzi kwa sababu chache sana. Mojawapo ni betri kukaribia kwisha, na yako bado mpya. Nyingine ni waya wenye hitilafu, na kliniki ya huko ilikuta waya zako ni nzima. Mluzi unaokuja wakati wa kuvaa shati, kisha ukanyamaza, una sababu moja tu ninayoifahamu.

Kalamu haikai ndani ya shati. Nini kimo katika mfuko ule?

Usinijibu kuhusu mgongo wa mkazamjomba.

Mpwa wako

*

Tarehe 20 Juni

Mjomba, shikamoo.

Sijapata jibu. Nilipompigia mama mdogo aliniambia kwamba uliteleza kwenye ujia, kwamba hakuna aliyeumia, na kwamba maji yalikuwa yamemwagika. Nikamuuliza nani aliyeyamwaga. Akasema mtandao unasumbua.

Nauliza tena swali lile lile.

Mpwa wako

*

Tarehe 9 Julai

Mpwa wangu,

Bibi hajambo. Mama mdogo hajambo. Karakana imefungwa kwa muda. Mkazamjomba hajambo, nami nitamrudia.

Ni sumaku. Ilitoka katika spika ya redio kubwa, ya duara, inaenea kiganjani. Maji hayakumwagika.

Nitayaeleza kwa mpangilio. Upande wa pili wa barua yako ya kwanza sikuusoma. Nilifika mahali pa kugeuza, macho yakatangulia, nikaona ulichoandika kuhusu moyo wangu, nikaikunja barua nikasema, "Anawasalimu sana." Mama yangu alikuwa amekaa mbele yangu. Sikutaka asikie kwamba moyo wa mwanawe uliacha kazi ukarudishwa kwa teke. Nikawaambia mashine imekosea. Nilidhani mashine mbovu ni habari ndogo kuliko moyo mbovu. Sikufikiri kwamba moyo mbovu watu huuonea huruma, na mashine mbovu huikimbia. Fundi Cherehani alikuwa anaruka umbali mpya kila siku, na maneno yako ya kumsahihisha yalikuwa mfukoni mwangu, pamoja na hayo mengine ambayo sikuweza kuyasoma. Nisingeweza kusoma la pili bila la kwanza.

Hujawahi kukaa katika nyumba yako mwenyewe huku kila mtu akikupisha. Wanakupisha kwa heshima, wanainamisha kichwa, wanabana ukuta. Unaanza kutembea katikati ya chumba ili usiwasumbue.

Barua yako ya Machi niliisoma, nikaliruka swali lako la upande wa pili, mpaka penye neno "haipigi". Nililisoma neno hilo kwa sauti kubwa, na yaliyofuata nikayaacha. Kisha nikatoa sumaku, nikaiweka kifuani mbele yao wote, nikasema, "Daktari wetu amesema hivyo. Sasa nani ataniletea chai?" Mama mdogo aliileta. Aliileta mpaka mkononi. Hawakufanya kosa lolote. Waliamini kwamba wewe umeruhusu.

Siku niliyoanguka nilikuwa naelekea bafuni, taulo begani, shati bado mwilini. Kichwa kikawa chepesi kama siku ile dukani, ila safari hii teke halikuja. Nakumbuka nililingoja. Nilianguka kifudifudi, vifungo vya shati vikakatika, sumaku ikatoka ikabingirika chini ya kabati. Baada ya hapo ndipo mashine ilipopiga, mkazamjomba akiwa amesimama mlangoni anatazama.

Aliiokota sumaku akaniuliza, "Na hii ingebaki pale ilipokuwa?"

Nikaanza kulifunga shati lisilokuwa na vifungo.

"Mume wangu, nakuuliza. Ingebaki?"

Nikamwambia nisingekuwa nikiulizwa.

Akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii nimelala na maiti inayosubiri tarehe." Akachukua mto wake. Redio aliiacha.

Sasa hivi sumaku ameifungia, na amenikataza kuigusa. Bila sumaku hanisogelei, kwa sababu teke la ujiani aliliona kwa macho yake, na alichokiona hakiondoki kwa maneno yangu. Wengine wamemfuata. Nimejaribu kuwaeleza kwamba hadhuriki anayenigusa. Wananisikiliza vizuri sana. Nimekwisha kuwadanganya mara mbili kwa sauti hii hii.

Tarehe 29 Agosti nina siku yangu ya kliniki. Nimeuliza, nikaambiwa kwamba mgonjwa mwenye akili timamu anaweza kuomba pigo lizimwe. Nyumba ikibaki hivi ilivyo, nitaomba. Sitaki uniandikie kwamba nina hasira. Nimelifikiria kama ninavyofikiria kazi. Miaka ninayolindiwa ni yangu, na siitaki ya kupungiwa mkono.

Iandike barua ya kuwaeleza yote. Iwe ya kusomwa sebuleni. Msomaji wa kawaida asipewe. Huyo huruka mistari. Mpe mkazamjomba.

Mjomba wako

*

Tarehe 3 Agosti

Bibi yangu, ninakusalimu wewe wa kwanza, na ninakuomba uisikilize barua hii yote kabla ya kusema neno. Mjomba, shikamoo, leo umekaa upande wa wasikilizaji. Mama mdogo, shikamoo. Fundi Cherehani, salamu, na nina ombi kwako litakalofuata. Mkazamjomba, shikamoo, leo wewe ndiye msomaji, na nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Usiruke kitu. Ukifika mahali pagumu, pumzika, kisha endelea.

Mimi ni mzima na kazi inaendelea.

Mwezi wa pili niliwaandikia karatasi yenye pande mbili, mkasomewa mmoja. Upande ambao hamkuusikia ulikuwa na habari mbaya na habari njema, na mjomba alizificha zote kwa sababu zilikuwa zimeandikwa mahali pamoja. Nazitoa upya, na mbaya itangulie.

Bibi, moyo wa mwanao ni mgonjwa. Umedhoofika, na udhaifu huo wakati mwingine huufanya ukimbie bila kusukuma damu. Ukiachwa hivyo, mtu hufa kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha maji. Ulikimbia hivyo dukani, na ukakimbia hivyo tena kwenye ujia. Mara zote mbili mashine ilifanya kazi yake. Ile mara ya pili ilichelewa kwa kuwa ilikuwa imefumbwa macho na sumaku, na iliyoifumbua si akili ya yeyote kati yetu, ni vifungo vya shati. Mashine haikukosea hata mara moja. Tuliokosea ni sisi, na mimi nimo: niliulizwa kuhusu sumaku nikaeleza uzuri wa elimu yangu kabla ya kuuliza kwa nini naulizwa.

Sitawauzia mashine hii kwa sifa isizokuwa nazo. Haiuponyi moyo, haiondoi uchovu, na haimzuii mtu kuzeeka. Wapo wanaoibeba miaka mingi bila kupigwa hata mara moja, na wapo wanaopigwa wakaishi kwa kuiogopa kuliko ugonjwa wenyewe. Nimewaona wote wawili katika wiki moja, kitanda kile kile. Kwa watu wenye moyo kama wa mjomba, waliowekewa huishi zaidi, kwa wingi wao, kuliko wasiowekewa. Hilo limepimwa. Lakini katika hao wengi hakuna aliyeahidiwa chochote mmoja mmoja. Kuhusu pigo lenyewe, kliniki inaweza kuirekebisha mashine ingoje kidogo zaidi na ijaribu zaidi njia zisizouma kabla ya kupiga. Nimemwandikia daktari wa huko kuhusu hilo, naye amekubali kulitazama.

Habari njema ni fupi. Umeme wa mashine hiyo hubaki ndani ya mwili wake. Anayemshika husikia mtekenyo, au hasikii kitu. Katika chumba changu tumewahi kuijaribu mashine ya mgonjwa huku nimemshika mkono, na jioni ile ile nilipika, nikala, nikamsema jirani wa baiskeli.

Ombi langu kwa Fundi Cherehani ni hili: simama hapo ulipo, uwaambie siku ile ulisikia nini mkononi. Nimekuuliza kwa simu juma lililopita na ukaniambia kweli. Uliniambia, "Mwanangu, ni kama umegusa mguu wenye ganzi. Nilishtuka tu. Lakini watu walipenda nilivyorushwa, nikaona nisiwakate stimu." Sikuandiki haya ili uchekwe. Ninaandika kwa sababu mkazamjomba amehama chumba kwa ajili ya ule mruko wako, na ni wewe tu unayeweza kuufuta.

Mkazamjomba, ukitaka, mpe nafasi aseme. Barua itasubiri.

Sasa ninakuja kwenye uamuzi ambao mjomba amenikabidhi niutangaze. Ameufanya akiwa na akili timamu. Mimi nimemwambia kwamba siupendi, na nimemwambia pia kwamba sitampinga.

Tarehe 29 ya mwezi huu anakwenda kliniki. Ikiwa bado anaishi kwenu kama mgeni anayepishwa, ataomba pigo la mashine lizimwe. Hilo ni haki yake. Hufanywa kwa kompyuta, hakuna kisu, na hakuna maumivu. Atarudi nyumbani kwa miguu yake, na mtaweza kumgusa mpendavyo. Siku moyo utakapokimbia tena, hakuna kitakachouzuia. Ikiwa amerudi kuwa mtu wa nyumba hiyo, atabaki na mlinzi wake, sumaku itatupwa, na karakana itafunguliwa kwa masharti ya daktari.

Hakuna njia ya tatu, na jibu halihitaji maneno. Sitaki mniandikie kwamba mmeelewa. Mjomba alielewa kila nilichomwandikia, na mmeona alivyokitumia. Jibu litolewe sasa, kabla hamjainuka, na kila mmoja alitoe kwa mkono wake mwenyewe, mashine ikiwa macho.

Mjomba yumo humo sebuleni. Hana sumaku. Mimi sioni kama yuko kulia kwako au kushoto kwako.

Mkazamjomba, weka karatasi mezani. Anza wewe. Mshike.